Kingamwili: rangi inayofichua siri ya msuli

Mvulana wa miaka minne anayeinuka kutoka sakafuni kwa kushika magoti, kisha mapaja, kana kwamba anaupanda mwili wake mwenyewe, humtia wasiwasi daktari yeyote aliyepata kuliona jambo hilo. Damu yake ikipimwa na kukutwa kimeng'enya kiitwacho kreatini kinase kimepanda mara kumi au hata mara mia kuliko kawaida, wasiwasi hugeuka kuwa dhana nzito: maradhi ya kudhoofika kwa misuli yanayobeba jina la tabibu wa Kifaransa Guillaume Duchenne, aliyeyaeleza kwa kina katika miaka ya 1860.

Maradhi hayo humpata takriban mtoto mmoja wa kiume katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, bila kuchagua taifa wala kabila. Wengi huacha kutembea kabla ya kutimiza miaka 13, kisha moyo na misuli ya kupumulia hufuata mkondo huo huo.

Lakini yapo maradhi mengine ya misuli yanayofanana na hayo kwa nje. Mojawapo, liitwalo Becker, hutokana na jeni ile ile, ila aghalabu humwacha mgonjwa akitembea mpaka utu uzima. Mzazi anayeambiwa jina moja badala ya jingine ameambiwa maisha mengine kabisa ya mwanawe. Kwa miaka mingi, chombo kilichotenganisha majina hayo mawili kilikuwa tone la majimaji yenye kingamwili.

Kingamwili ni protini ambayo mwili huiunda ili kumtambua mgeni, awe kirusi, bakteria au sumu. Ina umbo linalokaribia herufi Y, na ncha zake mbili hushika kitu kimoja mahsusi, kama ufunguo na kitasa chake. Wanasayansi waliugeuza uwezo huo kuwa zana. Panya akidungwa protini ya binadamu, mwili wake huiona kuwa ngeni na kuitengenezea kingamwili, nayo kingamwili hiyo ikifungiwa rangi inaweza kutumwa kuitafuta protini ile ile ndani ya kipande cha nyama.

Wazo la kuifungia rangi lilitoka kwa Albert Coons wa chuo kikuu cha Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Tatizo lilikuwa kwamba damu ya mnyama hutoa mchanganyiko wa kingamwili za kila namna, na mnyama akifa mchanganyiko wake hufa naye. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge nchini Uingereza, waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana. Seli iliyopatikana ilitoa kingamwili ya aina moja tu, pasi na kikomo. Wawili hao, pamoja na Niels Jerne, walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Protini iliyopotea

Chanzo cha maradhi ya Duchenne kilijulikana muda mfupi baadaye. Mwaka 1986 kundi la Louis Kunkel mjini Boston liliipata jeni inayohusika katika kromosomu X, na mwaka uliofuata likaitambua protini yake, iliyopewa jina la distrofini. Jeni hiyo ni miongoni mwa kubwa kabisa katika mwili wa binadamu, ikiwa na herufi zaidi ya milioni mbili na sehemu 79 zinazounganishwa kutoa ujumbe mmoja. Kwa kuwa mvulana ana kromosomu X moja tu, kasoro ikiingia hapo hana akiba.

Distrofini hukaa chini ya utando wa seli ya msuli, ikiufunga utando huo na nyuzi za ndani zinazojikunja. Wapwani wanaokumbuka habari za mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, wataelewa kazi yake. Kamba zikikosekana, kila wimbi hupanua mianya. Ndivyo msuli usio na distrofini unavyochanika kidogo kidogo kila unapofanya kazi, hadi mafuta na makovu yachukue nafasi yake.

Ili kuitafuta, daktari huchukua kipande cha msuli kisichozidi punje ya haragwe, mara nyingi kutoka pajani. Kipande hicho hugandishwa ghafla katika kimiminika kilichopozwa kwa nitrojeni ya majimaji. Kikigandishwa polepole, chembe za barafu hutoboa nyuzi na kuharibu kila kitu, na mtoto hulazimika kukatwa tena. Kisha hukatwa vipande vyembamba vya unene wa elfu nane hadi kumi za milimita, maana yake sehemu nane hadi kumi kati ya elfu moja za milimita.

Kingamwili ya kwanza humwagiwa juu ya kipande, ikaachwa ishike, kisha ya ziada ikasafishwa. Hufuata kingamwili ya pili, inayoitambua ile ya kwanza na iliyobeba rangi inayong'aa. Chini ya darubini, msuli mzima huonekana kama wavu wa mvuvi uliowashwa taa: kila uzi umezungukwa na pete ya mwanga. Msuli wa Duchenne ni giza. Wa Becker una pete, ila zimefifia na kukatika hapa na pale.

Hapo ndipo penye mtego. Katika Becker, mara nyingi kipande cha katikati ya distrofini ndicho kinachokosekana, na ncha zake zipo. Kingamwili inayolenga kipande hicho cha katikati haitaona kitu, na fundi wa maabara anaweza kuandika kwamba protini haipo, kumbe ipo imefupishwa. Kwa sababu hiyo watafiti wa Newcastle upon Tyne walitengeneza kingamwili tatu, zijulikanazo kama DYS1, DYS2 na DYS3, zinazolenga shina, mkia na kichwa cha protini. Hutumiwa zote kwa pamoja. Ya nne, inayolenga spektrini, protini nyingine ya utandoni, huongezwa ili kuhakikisha kwamba giza linaloonekana si la nyama iliyooza njiani.

Hata giza lenyewe si kamili. Katika misuli ya wavulana wengi wenye Duchenne huonekana uzi mmoja mmoja unaong'aa, kwa kuwa seli hizo zimejirekebishia ujumbe wa jeni kwa bahati. Asiyelijua hilo huweza kudanganyika.

Siku hizi kipimo cha jeni hutangulia, na wagonjwa wengi hawahitaji tena kukatwa msuli. Kingamwili huitwa pale jeni inapokataa kusema wazi, na pale dawa mpya inapojaribiwa.

Ubishi wa hesabu

Katika majaribio ya dawa ndipo rangi hiyo ilipozua mjadala mkali. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha eteplirsen kwa baadhi ya wavulana wenye Duchenne, kwa hoja kwamba inaongeza distrofini. Ripoti za awali, zilizohesabu nyuzi zenye mwanga, zilikuwa za kutia moyo mno. Kiasi cha protini kilipopimwa kwa njia nyingine, baada ya takriban wiki 180 za matibabu, kilikuwa wastani wa chini ya asilimia moja ya kile cha mtu mwenye afya.

Pande zote mbili zilitumia kingamwili. Tofauti ni kwamba anayehesabu nyuzi huuliza kama mwanga upo, hata ukiwa hafifu. Anayepima kiasi huuliza upo wa kadiri gani. Wengi katika jopo la washauri hawakuridhika na ushahidi, wazazi walisihi, na idhini ikatolewa hata hivyo. Ni vigumu kumlaumu mzazi katika jambo hilo. Ni rahisi zaidi kuuliza kwa nini njia ya kuhesabu haikukubaliwa mapema.

Kasoro nyingine ni ya zana yenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard walitangaza kwamba protini iitwayo GDF11 hupungua katika damu kadiri mnyama anavyozeeka, na mwaka uliofuata wakatangaza kwamba kuirudisha huutia msuli nguvu. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Novartis walionyesha kuwa kingamwili iliyotumika haikuweza kuitofautisha GDF11 na miostatini, ndugu yake wa karibu anayezuia msuli kukua. Mwaka huo huo, zaidi ya wanasayansi 100 waliandika katika jarida la Nature wakikadiria kwamba dola milioni 800 hupotea kila mwaka duniani kwa kingamwili zisizofanya kazi ipasavyo.

Ndiyo sababu maabara makini haiamini maandishi ya kichupa. Hupima kwanza msuli wa mtu mzima wa afya na msuli wa mgonjwa anayejulikana, hurudia bila kingamwili ya kwanza kuona kama rangi inajishikia ovyo, na huandika jina na namba ya toleo.

Panya waliotoa seli za kwanza za DYS walikufa zamani. Seli hizo huishi katika nitrojeni ya majimaji, na zikiyeyushwa huendelea kutoa kingamwili ile ile.