Nyuma ya Jukwaa la Sauti za Busara

Sauti za Busara ni tamasha la muziki wa Kiafrika linalofanyika Zanzibar, kwa kawaida mwezi wa Februari, ndani ya Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe. Lilianza mwaka 2004 chini ya asasi ya Busara Promotions, na marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu, ni miongoni mwa waliolipamba. Sharti lake kubwa ni kwamba muziki wote upigwe laivu. Anayetaka kuimba juu ya muziki uliorekodiwa hapati nafasi. Sharti hilo ndilo linaloipa uzito kazi ya nyuma ya jukwaa, kwani bendi ya watu kumi wenye vyombo vyao inahitaji umeme, maiki, nafasi na muda mara nyingi zaidi ya mwimbaji anayekuja na rekodi mkononi.

Kazi huanza miezi mingi kabla ya onyesho. Wasanii hutuma maombi pamoja na rekodi zao, na jopo la uteuzi husikiliza na kuchagua. Wakishachaguliwa, hufuata mikataba, viza, tiketi za ndege na boti, vyumba vya kulala na chakula. Kila bendi pia hutoa orodha ya mahitaji yake ya kiufundi: waimbaji wangapi, ngoma zipi, amplifaya za aina gani, nani asimame wapi. Orodha hiyo ikikosewa, kosa huonekana siku ya onyesho, wakati hakuna tena nafasi ya kulirekebisha. Hata tarehe huchaguliwa kwa makini: Februari huwa ni kiangazi cha kaskazi, kabla ya mvua za masika, na Ramadhani nayo lazima ipishwe.

Ngome yenyewe ina masharti yake. Ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Jukwaa, taa, spika na nyaya lazima viingizwe, vifungwe na viondolewe bila kuyadhuru majengo. Kuta za mawe nazo hurudisha sauti, hivyo mafundi hulazimika kuchagua kwa uangalifu spika zielekee wapi, maneno ya mwimbaji yasipotee katika mwangwi.

Mchana, jua likiwa kali na uwanja ukiwa mtupu, bendi hupanda moja moja kutesti mitambo. Fundi wa miksa iliyo mbele ya jukwaa hutengeneza sauti ya watazamaji. Mwenzake aliye pembeni hutengeneza sauti wanayoisikia wanamuziki katika spika zao za miguuni. Mpiga besi asipomsikia mpiga ngoma, bendi nzima huyumba.

Kipimo cha kweli huja usiku, bendi moja inaposhuka na nyingine kupanda. Katika dakika chache, wabeba vyombo huondoa ngoma na kuleta nyingine, nyaya hubadilishwa kwa kufuata chati, na kila maiki hujaribiwa tena. Chombo cha asili hudai uangalizi wa pekee. Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa bahari, hivyo hupashwa moto ili ikaze. Kanuni, ala ya taarabu yenye nyuzi zaidi ya 70, haiwezi kuharakishwa: mpigaji lazima apewe pembe tulivu aipatanishe kabla ya kuitwa. Msimamizi wa jukwaa ndiye anayeshika saa, kwa kuwa bendi moja ikichelewa, zote zinazofuata huchelewa.

Umeme nao hauachiwi bahati. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme kutoka Tanzania Bara, na tamasha la Februari 2010 liliangukia katika miezi hiyo ya jenereta.

Kinacholisumbua zaidi tamasha ni fedha. Viingilio vya wenyeji huwekwa chini ili wasifungiwe nje ya tamasha lao, na mapato ya mlangoni pekee hayatoshi kulipa gharama. Sehemu kubwa hutegemea wafadhili, na walipopungua, tamasha la 2016 halikufanyika kabisa. Mwaka kama huo huwaumiza wanamuziki, na pia mafundi, madereva, walinzi, wapishi na vijana wa kujitolea.

Baada ya wimbo wa mwisho, mitambo hufunguliwa, vyombo vya kukodi hurudishwa, wasanii husafirishwa na hesabu hufungwa. Ujuzi hubaki kisiwani. Kijana aliyejifunza kushika miksa au kusimamia jukwaa anaweza kuitwa kwenye harusi, kwenye maonyesho ya hotelini au kwenye tamasha jingine. Muziki wa laivu utaendelea kusikika vizuri Zanzibar maadamu mafundi hao wanafundishwa, wanalipwa na wanapewa kazi mwaka mzima.