Muvi ya bure, pesa ya nyumbani: kompyuta ya chumbani na torenti

Alhamisi usiku, kambini Sur au kwenye chumba cha kupanga Nizwa, mambo ni yale yale. Kompyuta moja ya mtumba, wenzako watano wamekaa kitandani, mmoja anashusha muvi kwa torenti. Kupumzika si kosa. Shida ni kwamba kesho, siku ya mapumziko, kompyuta hiyo hiyo ndiyo utakayofungulia akaunti ya benki umtumie mama ada ya shule ya mtoto, Tanga au Kisumu.

Kwanza tuelewe torenti inavyofanya kazi. Faili halitoki kwa kampuni moja. Linakuja vipande vipande kutoka kompyuta za watu usiowajua, na wewe huku unawarushia wengine vipande ulivyokwisha kupata. Ndiyo maana bando linaendelea kuliwa hata muvi ikishashuka yote. Ukimaliza ifunge programu kabisa. Ukibofya alama ya X tu, mara nyingi inabaki inafanya kazi chini pembeni mwa skrini. Na jambo ambalo wengi hawalijui: programu inahakikisha vipande vimefika kamili, haihakikishi kilichomo ni muvi. Mtu akikipa kirusi jina la muvi mpya, kitakufikia kizima bila kasoro.

Windows nayo inawasaidia wezi, kwa sababu kwa kawaida inaficha herufi za mwisho za jina la faili. Faili linaitwa muvi.mp4.exe, wewe unaona muvi.mp4 tu. Fungua folda yoyote, bofya "View" (kwenye Windows 11 endelea hadi "Show"), weka tiki penye "File name extensions". Basi. Muvi huishia na mp4, mkv au avi, na wimbo mp3. Kikiishia na exe, scr, bat au msi, hiyo si muvi, ni programu. Ifute bila kuifungua. Muvi ya kweli pia haikuombi uweke kitu kingine ndipo icheze. VLC ni ya bure na inacheza karibu kila aina. Wala haikuombi uzime antivairasi. Ukikuta faili limefungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe limeandikwa hapo hapo pembeni, ujue mara nyingi limefungwa ili antivairasi isione ndani.

Hatari zaidi ya muvi ni programu za kraki, zile za kulipia ambazo mtu amezivunja zitumike bure. Kirusi kiitwacho STOP, wengine hukiita Djvu, kimesambaa hasa kwa njia hiyo. Kikiingia kinazifunga picha na nyaraka zako, kisha kinaacha barua, na nyingi zimekuwa zikisema: lipa dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Riali moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo hilo "punguzo" ni riali 188 hivi. Hesabu mwenyewe ni miezi mingapi ya mshahara wako.

Kuna virusi vingine havisemi kitu. Vinachota maneno ya siri uliyoyahifadhi kwenye brauza, pamoja na alama zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia, vinampelekea mwizi na kazi imeisha. Kwa hiyo usiruhusu brauza ikumbuke neno la siri la benki au la baruapepe. Kama unaweza, pesa zishughulikie kwenye simu yako tu, na kompyuta ibaki ya muvi. Hii peke yake inakata sehemu kubwa ya hatari.

Angalia pia folda unayogawana. Zipo programu zinazokuuliza uwape wengine folda gani, na mtu kwa haraka anaipa folda yake yote ya nyaraka. Humo mna picha ya pasipoti, mkataba na kitambulisho cha ukaazi. Tengeneza folda moja tupu ya muvi, iwe hiyo tu.

Dada zangu mnaofanya kazi majumbani, Ibra na kwingineko: kompyuta ya mwenye nyumba msishushie kitu, hata mama mwenye nyumba akiwa anaongea Kiswahili cha Unguja na mmezoeana kama ndugu. Picha za harusi za familia zikipotea, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Halafu sheria ya hakimiliki ya Oman, Amri ya Sultani namba 65 ya 2008, inalinda filamu na programu za kompyuta, hiyo nayo ikumbukeni.

Kinga yenyewe haina gharama. Defender imo ndani ya Windows 10 na 11. Iache imewashwa, usinunue antivairasi ya riali kadhaa dukani. Ukinunua kompyuta ya mtumba uliza ni Windows gani, maana Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Wenzako wafungulie akaunti yao ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Flashi ya kwenda kuchapishia dukani iwe na faili moja tu, na ikirudi ipitishe kwa Defender kwanza. Ukiona folda zako zimegeuka shotikati, usizibofye.

Na kama yameshatokea? Zima intaneti hapo hapo. Usibadilishe neno la siri kwa kompyuta hiyo hiyo, mwizi ataliona na jipya; tumia simu. Anza na baruapepe, kisha benki, na chagua kutoka kwenye vifaa vyote. Pigia benki au eksichenji kwa namba iliyo kwenye kadi au risiti yako, siyo namba uliyotumiwa kwa meseji. Namba ya siri inayokuja kwa SMS usimtajie yeyote, hata akijiita polisi. Kama mafaili yamefungwa usilipe. Tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na Europol pamoja na polisi wa Uholanzi, inatoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi, zikiwemo aina za zamani za STOP. Aina mpya nyingi hazifunguki, kwa hiyo picha za watoto zinakiliwe leo kwenye flashi nyingine inayokaa sandukuni, haijachomekwa.