Mwanga Nao Hudanganya

Leo nawaeleza jinsi umbo la kitu linavyopimwa kwa mwanga. Projekta hukimulika kitu mistari, nayo kamera hutazama kutoka pembeni. Palipo na bonde au mwinuko mistari hupinda, na kompyuta hukokotoa kina chake.

Lakini makosa hayakosi! Kitu king'aacho huitia kamera kiwi, basi hupakwa unga mweupe mwembamba. Mistari nayo husogezwa kidogo kidogo, picha tatu au zaidi zikapigwa, ili rangi ya kitu isipotoshe kipimo. Na kamera ikisukumwa tu, lazima mitambo ipatanishwe upya.

Si mzaha, jamani. Mguu wa bandia ukikosewa milimita chache, mwenyewe ataumia kila hatua. Kawia ufike!