Idhini na Ridhaa: Lugha katika Mafunzo ya Msaidizi wa Kisheria

Makala haya yanaangazia upande wa lugha katika mafunzo ya wasaidizi wa kisheria nchini Kenya, kwa kurejelea eneo la Mashuuru, Kajiado. Msomaji wa Kiswahili huenda akajiuliza sheria inamhusu nini. Inamhusu sana, maana kazi ya msaidizi huyu, kabla ya kuwa kazi ya vifungu, ni kazi ya maneno.

Kwanza ibainike kwamba msaidizi wa kisheria si wakili. Kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, ni mtu aliyehitimu mafunzo katika taasisi inayotambuliwa na Baraza la Elimu ya Sheria, kisha akaidhinishwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kabla ya hapo, mashirika kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, yalikuwa yakiwafunza wanajamii na hata wafungwa. Mwanafunzi husoma katiba, jinai, mikataba, ardhi, urithi, utaratibu wa mahakama, uandishi wa hati na maadili ya kazi. Sheria ya Mawakili nayo inamwekea mpaka: asiye wakili haruhusiwi kuandaa hati za kuhamisha umiliki wa ardhi kwa malipo. Tatizo ni kwamba neno "wakili" katika Kiswahili lina maana pana ya yeyote anayesimama kwa niaba ya mwingine. Mwanakijiji akimwita msaidizi "wakili wetu" hajakosea lugha, ila amemkaribisha mahali ambapo sheria inamzuia.

Somo la ardhi ndilo lenye uzito mkubwa Kajiado. Ranchi za jumuiya zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 ziligawanywa moja baada ya nyingine. Ile ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo malisho mengi ya huko yamegeuka ploti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilifuta ile ya 1968 na kuipa uamuzi wa mwisho jamii yenyewe: ardhi ya jamii iliyosajiliwa haiwezi kuuzwa bila kukubaliwa na theluthi mbili ya wanachama waliosajiliwa. Lakini ardhi ikishagawanywa na kila mtu kupata hatimiliki yake, mkutano huo haupo tena. Hubaki mwenye hati, mnunuzi na karatasi.

Hapo ndipo maneno mawili yanapohitaji kutenganishwa. Kiingereza cha sheria hutumia neno moja kwa mambo ambayo Kiswahili huyaita idhini na ridhaa. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka. Ridhaa hutoka moyoni mwa mhusika. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inadai idhini ya bodi kwa uuzaji wa ardhi ya kilimo, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. (Malisho ya Mashuuru pia huhesabiwa humo, kwa kuwa sheria hutazama ardhi ilipo, wala si mazao yake.) Bila idhini, mauzo ni batili, na mnunuzi anaweza kudai fedha zake kama deni. Muuzaji aliyekwisha kuzitumia kulipia karo basi amebaki na deni asilolitarajia.

Ridhaa ni jambo jingine. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya wenzi wote wawili, na kifungu hicho kinataja ndoa ya mke mmoja. Katika boma lenye wake watatu, maneno hayo mawili, "mke mmoja", si ya kupitiwa haraka. Msaidizi anayefasiri kifungu na kuyaacha amewapa wake hao tumaini ambalo kifungu hicho hakikuliahidi.

Kisha kuna hati ya kiapo. Mwapaji asiyejua kusoma husomewa, na kamishna wa viapo huthibitisha kwamba alisomewa na akaonekana kuelewa. Mashuuru, lugha hiyo ya kuelewa yaweza kuwa Kimaa, na Kiswahili kikawa daraja tu kati yake na Kiingereza cha hati. Kila daraja ni nafasi ya neno kupotea.

Zoezi moja linafaa kuongezwa katika kazi za darasani. Mwanafunzi apewe mkataba wa mauzo wa ukurasa mmoja, amweleze mzee kwa Kiswahili, kisha anyamaze, mzee amrudishie kwa maneno yake. Mzee akisema, "Bodi imekubali, kwa hiyo mama watoto hana la kusema," mwanafunzi na aanze upya.