SI KILA UVIMBE WA MBWA NI SARATANI



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, hapa Kyela mbwa hakosekani. Yupo kwenye mashamba ya kakao na mpunga, yupo Ipinda na Matema akilinda nyumba usiku, na wengine huzurura ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tumeshuhudia watoto wakimpiga mawe mbwa mwenye uvimbe njiani, wakisema: "Ana saratani, atatuambukiza!" Je, maneno haya ni ya kweli?

UVIMBE HUU NI WA KAWAIDA KIASI GANI?

Ni wa kawaida sana. Ngozi ndiyo sehemu ya mwili wa mbwa inayoota uvimbe mara nyingi zaidi. Takriban theluthi moja ya uvimbe wote wa mbwa huwa kwenye ngozi au chini yake. Lakini wataalamu wa mifugo wanatueleza kuwa katika kila uvimbe 100 wa ngozi, 20 hadi 40 ndio saratani. Uliobaki hausambai mwilini.

Mbwa mzee huota uvimbe laini wa mafuta, unaosogea ukiguswa. Mbwa mdogo, chini ya miaka mitatu, huweza kuota kinundu chekundu cha mviringo, ambacho mara nyingi hutoweka chenyewe. Mbwa mweupe mwenye manyoya machache tumboni huweza kupata saratani kwa sababu ya jua kali.

Ipo pia saratani ya ajabu inayopita kutoka mbwa hadi mbwa, wanapopandana au kulambana. Hutokea zaidi sehemu za siri, na wakati mwingine puani na mdomoni. Huonekana zaidi kwa mbwa wanaozurura. Mbwa wengi hupona wakichomwa sindano za dawa iitwayo vinkristini kwa majuma kadhaa.

UVIMBE WENYE BUU NDANI

Wakati mwingine kinachoonekana kama uvimbe ni buu la nzi. Nzi huyu hutaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Buu huingia ngozini, na baada ya siku chache hutokea jipu lenye tundu dogo katikati. Huyu humpata binadamu pia! Basi tupige pasi nguo zetu, na mahali anapolala mbwa pafagiliwe.

JE, SARATANI YA MBWA HUMWAMBUKIZA MTU?

Hapana, hata ile inayopita kati ya mbwa na mbwa. Tusichanganye mambo mawili. Najisi ya mbwa ni hukumu ya twahara: tumejifunza katika fiqhi kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo haina maana kwamba uvimbe wake unaambukiza, wala haitupi ruhusa ya kumtesa.

TUFANYE NINI?

1. Tusimguse wala kumchokoza. Mwenye maumivu huuma, na akiuma tuoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha twende hospitali haraka, kwa kuhofia kichaa cha mbwa.

2. Tumwambie mwenye mbwa. Uvimbe unaokua upesi, unaotoa damu au wenye kidonda kisichopona usisubiriwe.

3. Mwenye mbwa amwone afisa mifugo. Kwa macho peke yake hakuna awezaye kujua. Daktari wa mifugo huchukua chembe kwa sindano na kuzitazama kwa hadubini.

4. Asikate uvimbe kwa wembe wala kuuchoma moto.

Ndugu zetu, Mtume wetu (S.A.W.) alitusimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Allah akamsamehe dhambi zake. Ikiwa maji tu yana malipo hayo, basi jiwe tunalomrushia mgonjwa asiyeweza kusema tutaulizwa nalo.

Tunamuomba Allah atujaalie huruma kwa viumbe vyake. Amin.