Takia Hai la Milimani
Katika Aktiki na juu ya milima ya Alpi, mahali ambapo mti hauwezi kuota, huishi Silene acaulis, mmea wenye maua ya rangi ya waridi. Mtu aonaye baridi hujikunyata ili apunguze eneo la ngozi linalopoteza joto. Mmea huu nao hubana vijitawi vyake vikawa takia la mviringo, upepo ukapita juu yake. Jua liwakapo, ndani ya takia huwa na joto kuliko hewa ya nje. Hukua polepole mno: huko Alaska, watafiti wamekadiria kuwa baadhi yake huishi zaidi ya miaka 300. Mpanda mlima hana budi kuangalia akanyagapo, kwani kiatu chaweza kuharibu mara moja kazi ya karne nzima.