Moto wa Miwa Ndani ya Injini

Kila anayepita Rodi Kopany anazijua sauti za pale njia panda, barabara ya Rongo na Homa Bay inapotoa tawi la kwenda Ndhiwa. Trekta inavuta tela la miwa, lori la Isuzu linaguruma na shehena yake, bodaboda wanapigiana honi, makanga anaita abiria wa mwisho ilhali matatu imeshajaa. Kando ya barabara mama anapima omena kwa gorogoro, na mtoto wake ameketi chini ya meza, pua yake kimo kimoja na mabomba ya moshi ya magari.

Mtoto huyo anavuta moshi, na moshi haujawahi kumfaa mtoto. Hata hivyo, kuna sumu moja ambayo haimo tena ndani yake. Hadi mwisho wa mwaka 2005, petroli yenye risasi iliuzwa Kenya. Ni risasi ile ile, metali nzito na laini inayopatikana ndani ya betri ya gari. Januari 2006 ikaondolewa sokoni. Hakuna aliyepiga vigelegele Rodi siku hiyo. Magari yalijaza mafuta yakaenda zake. Lakini aliyezaliwa hapo mwaka ule, ambaye leo ni mtu mzima mwenye kitambulisho, alikulia katika hewa ambayo kaka na dada zake hawakuipata.

Mafuta hayachimbwi ardhini yakiwa na risasi hiyo. Kuna walioitia, na walikuwa na sababu. Ili tuelewe sababu hiyo, lazima tuifuate kampuni kubwa ya magari ya Marekani hadi ndani ya maabara yake.

General Motors ilianzishwa na William Durant tarehe 16 Septemba 1908 mjini Flint, Michigan. Kuanzia 1931 hadi 2007 hakuna kampuni duniani iliyoishinda kwa wingi wa magari iliyoyauza. Iliingia Kenya kwa mkataba na serikali mwaka 1975, na kiwanda chake cha Nairobi, kwenye Barabara ya Mombasa, kikaanza kuunganisha magari mwaka 1977. Malori mengi yenye jina la Isuzu tuliyozoea kuyaona yalitoka hapo. Mwaka 2017 iliuzia Isuzu hisa zake, asilimia 57.7, ikaondoka. Malori yale hutumia dizeli, na dizeli haikuwahi kuhitaji risasi. Alama iliyoingia kwenye damu za watu ilipita njia ya petroli, na ilianza miaka zaidi ya 50 kabla ya kiwanda cha Nairobi kuwepo.

Yote yalianza na injini kugonga. Muulize fundi yeyote maana yake. Atakwambia ni ule mlio wa kokokoko unaosikika gari likipanda mlima na mzigo, kama mtu anayepiga chuma kwa nyundo ndogo. Mlio huo hupunguza nguvu, na ukiachwa hutoboa pistoni. Ndani kunatokea nini?

Mkulima wa miwa wa Ndhiwa au Awendo anaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi wetu. Shamba la miwa likiwashwa upande mmoja, moto hutembea kwa mpangilio: safu kwa safu, mpaka ufike mwisho. Mtu aliyesimama ng'ambo ana nafasi ya kuondoka. Hatari huja joto linapozidi na majani makavu ya kona ya mbali yakalipuka yenyewe kabla ya moto wa kwanza kufika. Hapo mioto miwili inakutana kwa kishindo.

Silinda ya injini ni shamba dogo la namna hiyo. Pistoni hugandamiza hewa iliyochanganyika na petroli, plagi hutoa cheche, na moto huanzia kwenye plagi ukisambaa kwa mpangilio na kuisukuma pistoni chini. Lakini ule mchanganyiko ulio kwenye kona ya mwisho unabanwa na kupashwa joto na moto unaoujia. Petroli ikiwa dhaifu, kona hiyo hulipuka yenyewe mapema. Mawimbi ya mlipuko huo ndiyo yanayogonga kuta za silinda, na ndiyo tunayoyasikia. Namba ya okteni hupima jinsi petroli inavyoweza kuvumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati.

Miaka ya 1910 jambo hili halikueleweka. Charles Kettering, aliyebuni kiwashio cha umeme kilichoondoa kazi ya kuwasha gari kwa mkono, alisikia watu wakikilaumu kifaa chake kwa mlio huo. Akamkabidhi kijana mhandisi, Thomas Midgley, kazi ya kutafuta chanzo. Midgley aligundua kwamba lawama zilikosea: tatizo lilikuwa kwenye mafuta yenyewe. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa na wa kweli. Ukibana mchanganyiko zaidi bila kugonga, unapata nguvu nyingi kutoka kwa mafuta yale yale.

Yeye na wenzake wakaanza kujaribu vitu vya kutuliza kona ya mwisho. Walijaribu iodini ikafanya kazi, ila ilikuwa ghali na ikala chuma. Walijaribu anilini. Walijaribu teluriamu, ambayo harufu yake iliganda kwenye miili na nguo zao hata wakaogopwa. Tarehe 9 Desemba 1921, katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Ohio, walitia tone la kimiminika chenye risasi. Injini ikanyamaza. Chini ya gramu 1 ya risasi kwa lita moja ya petroli ilitosha.

Hapa ndipo hadithi inapotugusa sisi tunaoishi karibu na miwa. Risasi haikuwa dawa pekee. Alkoholi huzuia kugonga vizuri sana, na Midgley mwenyewe alilijua hilo. Alikuwa ameijaribu kwenye magari na kuisifu mbele ya wahandisi wenzake. Alkoholi ni ile inayochemshwa kutoka kwa molasi, mabaki meusi ya kiwanda cha sukari. Molasi hutiririka Awendo, ambako kiwanda cha SONY kimesaga miwa tangu 1979, na huko Ndhiwa pia. Aina hiyo hiyo ya alkoholi ndiyo iliyomo kwenye chang'aa. Kenya yenyewe imewahi kuitia kwenye petroli: kuanzia 1983, kwa karibu miaka 10, alkoholi ya Muhoroni ilichanganywa na mafuta yaliyouzwa nchini, na magari yakatembea.

Basi kwa nini ikachaguliwa risasi? Alkoholi ilijulikana tangu enzi za kale na kila mtu angeweza kuitengeneza, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuimiliki. Ilihitajika kwa wingi pia, karibu sehemu 1 kwa 10 au zaidi. Matumizi ya kimiminika cha risasi kwenye petroli yalikuwa mapya, yangeweza kupewa hataza, na tone tu likatosha. Lita za kwanza ziliuzwa Dayton Februari 1923. Mwaka uliofuata General Motors na Standard Oil ya New Jersey ziliunda kampuni ya kuuza kimiminika hicho kwa jina Ethyl. Neno risasi halikuwemo kwenye jina la bidhaa.

Sumu ya risasi ilijulikana tangu zamani za Warumi. Oktoba 1924, katika mtambo wa kutengeneza kimiminika hicho huko New Jersey, wafanyakazi walianza kuweweseka, wakapigana na vitu visivyoonekana, na watano wakafa. Wengine wengi walilazwa hospitalini. Mwishoni mwa mwezi huo Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kimiminika kile na kukivuta kwa pua ili kuonyesha kwamba ni salama. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amepumzika kazi kwa sababu ya kudhurika na risasi. Mwaka 1925 daktari Alice Hamilton na mtaalamu Yandell Henderson walionya hadharani kwamba hatari halisi ingekuja polepole, kupitia barabara ambazo watu wote hupita. Mauzo yaliendelea kwa zaidi ya nusu karne.

Sumu hii hufanya kazi kwa udanganyifu. Mwili hauitambui risasi kama mgeni. Huiona kama kalsiamu, kwa kuwa zinafanana vya kutosha kupita mlango mmoja. Huiweka kwenye mifupa pamoja na akiba ya kalsiamu, na huiachia ndani ya ubongo unaotumia kalsiamu kupitisha ujumbe. Mtu mzima hufyonza sehemu ndogo ya risasi anayoimeza. Mtoto anaweza kufyonza hadi nusu yake, maana mwili wake una njaa ya kalsiamu ya kujenga mifupa. Naye ndiye anayetambaa, anayetia vidole mdomoni, anayekaa chini ya meza sokoni. Mama mjamzito pia huifungua akiba ya mifupa yake ili amlishe mtoto tumboni, na risasi ya miaka iliyopita hutoka pamoja nayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto.

Aliyefichua ukubwa wa jambo hili hakuwa akitafuta sumu. Clair Patterson alitaka kujua umri wa dunia. Alipima risasi ndani ya kimondo, na mwaka 1956 akachapisha jibu: miaka bilioni 4.55. Lakini kila alipopima, risasi ya ajabu ilizidi kuingia kwenye sampuli zake, kutoka vumbini, nguoni, nyweleni. Ilimbidi ajenge maabara safi kuliko zote zilizokuwepo. Kisha akajiuliza uchafu wote huo ulitoka wapi, akaufuata kwenye bahari na barafu ya kale, na mwaka 1965 akaandika kwamba binadamu wa leo amebeba risasi nyingi mno kuliko wahenga wake. Mwaka 1979 Herbert Needleman alipima meno ya utotoni yaliyong'oka ya wanafunzi karibu na Boston. Wenye risasi nyingi menoni walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili na umakini.

General Motors yenyewe iligeuka mapema kidogo. Mwaka 1970 rais wake, Ed Cole, alitangaza injini zinazoweza kutumia petroli isiyo na risasi. Moshi ulihitaji kusafishwa kwa kifaa chenye platinamu, na risasi huiharibu platinamu hiyo. Marekani ilipoanza kuiondoa risasi kwenye petroli, wastani wa risasi katika damu za watu wake ulishuka kutoka mikrogramu 12.8 kwa desilita hadi 2.8 katika kipindi cha takriban miaka 12. Ni sera chache za afya zilizowahi kuonekana waziwazi hivyo katika damu.

Kwetu ilichelewa. Juni 2001 nchi za Afrika ziliahidi pamoja mjini Dakar kuacha petroli yenye risasi, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni Gigiri, Nairobi, likaongoza kazi hiyo duniani. Wenye magari ya zamani waliogopa injini zingekufa. Hazikufa. Algeria ilikuwa ya mwisho, Julai 2021. Shirika hilo linakadiria kwamba hatua hii huzuia vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Risasi iliyobaki inatujia kwa njia nyingine: betri zinazovunjwa na kuyeyushwa uani, rangi za zamani zinazobanduka ukutani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua, kwani kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu mtaa wao, na wakiongozwa na Phyllis Omido walishinda kesi mwaka 2020. Anayeyeyusha betri karibu na nyumba na ahamishe kazi hiyo mbali na watoto, aoge na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto wake.

Ninachokishika katika hadithi hii ni kwamba Midgley alijibu swali la injini kwa usahihi. Swali la nani atavuta moshi liliulizwa na Hamilton na Henderson wakati bado kulikuwa na nafasi ya kuchagua miwa, na jibu likangoja miaka 80 kufika Rodi Kopany. Kesho italetwa betri mpya, dawa mpya ya shamba, mafuta mapya. Tuna haki ya kuuliza swali hilo siku ya kwanza, kwa sauti, hapo hapo njia panda.

Na yule mama wa omena ana kinga moja mezani kwake. Samaki hao wadogo huliwa na mifupa yao, na mifupa ni kalsiamu. Mwili wa mtoto uliokwisha kushiba kalsiamu huifungulia risasi mlango kwa shida zaidi. Kabla hajauza gorogoro la mwisho, amtengee mwanawe sahani yake.